Kusimba, Kusimbua na Kusimba Upya: Kadi ya Michoro katika Seva ya Video ya Nyumbani

Kusimba upya ni kuisimbua video iliyokwisha kusimbwa kwa kodeki moja, kisha kuisimba tena kwa kodeki nyingine, kwa kasi nyingine ya biti, au kwa ukubwa mwingine wa picha. Kazi hiyo hufanywa na seva za video za nyumbani kila mara simu, runinga au kompyuta ya mtazamaji inapoomba filamu ambayo haiwezi kuicheza kama ilivyohifadhiwa. Prosesa kuu ya kompyuta inaweza kuifanya. Kadi ya michoro aghalabu huifanya kwa haraka zaidi na kwa umeme mchache zaidi.

Katika mazungumzo ya kawaida ya Kiswahili kitenzi kimoja, *kubadilisha*, hubebeshwa kazi nne zilizo mbali mbali: kubadili kasha la faili, kubadili kodeki, kupunguza ukubwa wa picha, na hata kufungua faili lililofungwa kwa siri. Utata huu una gharama. Anayeambiwa kwamba seva yake "inabadilisha video" anaweza kununua kadi ya michoro asiyoihitaji, ilhali kilichokuwa kikifanyika ni kuhamisha faili kutoka kasha moja hadi jingine. Vibaya zaidi, anayedhani kwamba kubadilisha ni kubadili jina tu huweza kufuta rekodi asilia ya harusi ya wazazi wake na kubaki na nakala iliyofifia. Kwa hiyo makala haya yanaeleza maneno kwanza, kisha kazi yenyewe.

Simba na simbua

Kitenzi *simba* katika maana ya kuweka taarifa katika msimbo hakina uhusiano na jina la mnyama. Katika kamusi huwa na kidahizo chake. Kinyume chake ni *simbua*, kilichoundwa kwa kiambishi cha kutendua kile kile kilichomo katika *funga* na *fungua*, *ziba* na *zibua*. Kutendwa kwake ni *simbwa* na *simbuliwa*.

Mifano:
- *Filamu hii imesimbwa kwa HEVC.*
- *Simu ya zamani haiwezi kuisimbua.*
- *Seva inaisimba upya kwa H.264.*

Kifaa au programu inayosimbua huitwa *kisimbuzi*. Inayosimba ni *kisimbaji*. Tofauti ya miisho inafuata kanuni ya kawaida ya lugha: vitenzi vya *-ua* mara nyingi huzaa nomino za *-zi*, kama *fungua* inavyozaa *ufunguzi*, na vitenzi vingi vya *-a* huzaa nomino za *-ji*, kama *soma* inavyozaa *msomaji*. *Kisimbizi* na *kisimbuaji* ni maumbo ya kuepukwa.

Neno *kisimbuzi* linajulikana kwa wengi kama jina la kisanduku kinachowekwa karibu na runinga. Lilienea, pamoja na mwenzake *king'amuzi*, matangazo ya televisheni yalipohama kutoka mfumo wa analojia kwenda wa dijitali: Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Maneno yote mawili yangali hai katika maana hiyo. Hata hivyo, *ng'amua* ni kutambua jambo lililojificha, na hakina kinyume kinachoweza kutaja kazi ya kusimba. Kwa maandishi ya kiufundi, *kisimbuzi* kinafaa zaidi kwa sababu jozi yake, *kisimbaji*, inapatikana papo hapo.

Tahadhari moja ni ya lazima. *Usimbaji* peke yake si *usimbaji fiche*. Usimbaji fiche huificha taarifa ili isisomwe na asiye na ufunguo. Usimbaji wa video huipanga upya ili ichukue nafasi ndogo, na yeyote mwenye kisimbuzi kinachofaa huweza kuitazama. Anayeandika kwamba "video zimesimbwa kwa hiyo ziko salama" amechanganya mambo mawili.

Kodeki na kasha

*Kodeki* ni kanuni ya kusimba na kusimbua. *Kasha* ni faili linalokusanya pamoja picha, sauti na manukuu. MP4 na MKV ni majina ya makasha; H.264, HEVC, VP9 na AV1 ni majina ya kodeki. Swali "Je, runinga hii inacheza MP4?" kwa hiyo halijakamilika, kwa kuwa kasha la MP4 linaweza kubeba H.264 ambayo karibu kila kifaa hukijua, au HEVC ambayo vifaa vingi vya zamani havikijui.

Kodeki zinazokutwa zaidi katika maktaba za nyumbani zina umri tofauti. H.264 ilichapishwa mwaka 2003, HEVC mwaka 2013, na AV1 mwaka 2018. Kila iliyofuata hubana picha zaidi kwa ubora ule ule, lakini hudai hesabu nyingi zaidi kutoka kwa kisimbaji. Ndiyo sababu kompyuta iliyomudu kusimba H.264 bila taabu huweza kuzidiwa na HEVC.

Kwa nini video husimbwa

Picha moja ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli ikielezwa kwa biti 24, na fremu 25 zikipita kila sekunde, mkondo usiobanwa huwa na zaidi ya megabiti 1,244 kwa sekunde. Hakuna laini ya kawaida ya nyumbani inayobeba mzigo huo. Kodeki huupunguza hadi megabiti chache kwa kutorudia kile ambacho hakijabadilika baina ya fremu moja na inayofuata, na kwa kutupa maelezo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Picha ya 3840 kwa 2160 ina pikseli mara nne ya hiyo, na hesabu zake huongezeka kwa kiasi hicho.

Katika kupima mikondo, *biti* na *baiti* zisichanganywe. Baiti moja ni biti nane. Kasi ya mtandao hutajwa kwa biti, ukubwa wa faili na kifurushi cha simu hutajwa kwa baiti. Filamu ya saa mbili inayopita kwa megabiti 20 kila sekunde hutumia gigabaiti 18. Ikisimbwa upya kwa megabiti 3 hutumia gigabaiti 2.7. Kwa ndugu aliye Muscat au London anayetazama video zilizo katika seva ya nyumbani Mombasa, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama picha itatembea au itakwama, kwani kasi ya kupakia kutoka nyumbani mara nyingi ni ndogo kuliko ya kupakua.

Njia tatu za kuchezesha

Seva hukabidhi video kwa njia tatu.

Ya kwanza ni *kucheza bila kugeuzwa*: faili hutumwa kama lilivyo, na seva haifanyi hesabu yoyote. Baadhi ya watu huiita "kucheza moja kwa moja". Istilahi hiyo inapotosha, kwa kuwa *moja kwa moja* katika lugha ya utangazaji ni tukio linaloonyeshwa wakati linapotendeka, yaani *mubashara*.

Ya pili ni *kubadili kasha*: picha na sauti hubaki kama zilivyosimbwa, ila hutolewa katika MKV, tuseme, na kupangwa katika umbo ambalo kivinjari hulikubali. Kazi hii ni nyepesi, na kadi ya michoro haina mchango wowote ndani yake.

Ya tatu ni *kusimba upya*. Hapa tu ndipo kadi ya michoro inapohitajika. Kabla ya kutumia fedha, mwenye seva na afungue ukurasa wa msimamizi wakati video inachezwa. Jellyfin, Plex na Emby zote huonyesha njia inayotumika. Jellyfin hutaja pia sababu, kama vile kodeki isiyokubaliwa au kasi ya biti iliyozidi kikomo. Ikiwa karibu kila video huchezwa bila kugeuzwa, kadi mpya haitaleta tofauti yoyote.

Kinachofanya kazi ndani ya kadi

*Kadi ya michoro* ndilo jina lililozoeleka, ingawa *kadi ya grafiki* na *kadi ya video* husikika pia. Jina la kwanza linaweza kumfanya msomaji aamini kwamba video husimbwa na sehemu ile ile inayochora michezo ya kompyuta. Sivyo. Kadi za kisasa zina kipande cha pekee cha silikoni kilichoundwa kwa ajili ya kusimba na kusimbua tu. Intel ilikileta chake, Quick Sync, mwaka 2011 pamoja na prosesa za Sandy Bridge. Nvidia ikaleta NVENC mwaka 2012. Na AMD ikawa na chake karibu wakati huo huo.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, kadi ghali ya michezo si lazima ishinde kadi ya bei nafuu ya kizazi kile kile katika kusimba, kwa kuwa kipande hicho mara nyingi hufanana. Pili, kizazi cha kadi kina uzito kuliko bei yake. Prosesa za Intel za kizazi cha saba husimbua HEVC ya biti 10. Za kabla yake haziwezi kuifanya kikamilifu kwa maunzi. Kusimba AV1 kwa maunzi kulianza mwaka 2022, katika kadi za Intel Arc, Nvidia RTX 40 na AMD RX 7000. Kompyuta ndogo iliyotumika, yenye prosesa ya Intel isiyo na kadi ya kutenganishwa, aghalabu huwatosha watazamaji kadhaa wa nyumba moja.

Kutumia sehemu hiyo badala ya prosesa kuu huitwa *uharakishaji wa maunzi*. *Maunzi* ni vifaa vinavyoshikika. *Programu* ni maagizo yanayoviendesha. *Kusimba kwa maunzi* na *kusimba kwa programu* kwa hiyo ni jozi iliyo wazi.

Hatua za kuandaa

Mfano ufuatao ni wa Jellyfin, programu huru iliyotokana na Emby mwishoni mwa mwaka 2018, ikiwa imesakinishwa katika Debian au Ubuntu. Jellyfin haitozi malipo kwa uharakishaji wa maunzi. Plex na Emby huutoa kwa wanaolipia huduma. Kazi yenyewe ya kusimba hufanywa na FFmpeg, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000.

1. *Kuhakiki kiendeshi.* Neno *kiendeshi* hutumika kwa diski na pia kwa programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa. Hapa ni hiyo ya pili. Kifurushi cha jellyfin-ffmpeg huja na sehemu kubwa ya viendeshi vya Intel na AMD. Kwa Nvidia, mwenye seva husakinisha mwenyewe kiendeshi rasmi cha kampuni.

2. *Kuitazama kadi.* Amri `ls -l /dev/dri` huorodhesha vifaa vya michoro. Kadi ya Intel au AMD iliyotambuliwa huonekana kwa jina kama `renderD128`. Kompyuta ikiwa na kadi mbili, kutakuwa pia na `renderD129`, na ni lazima kujua ipi ni ipi.

3. *Kusoma uwezo wake.* Amri `vainfo` hutoa orodha ya kodeki. Mstari unaoishia na `VAEntrypointVLD` maana yake kadi inaweza kuisimbua kodeki hiyo; unaoishia na `VAEntrypointEncSlice` au `VAEntrypointEncSliceLP` maana yake inaweza kuisimba. Hapa faida ya jozi ya *simba* na *simbua* inadhihirika: kadi nyingi husimbua kodeki ambayo haziwezi kuisimba.

4. *Kutoa ruhusa.* Jellyfin huendeshwa na mtumiaji wake mwenyewe, na mtumiaji huyo huenda asiwe na ruhusa ya kuigusa kadi. Amri `sudo usermod -aG render jellyfin` humwingiza katika kundi linalostahili, na `sudo systemctl restart jellyfin` huiwasha seva upya. Hatua hii ndogo husahauliwa mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

5. *Kupitisha kadi hadi ndani ya kontena.* Anayeendesha Jellyfin ndani ya Docker huongeza `--device /dev/dri:/dev/dri`, pamoja na namba ya kundi la `render` inayopatikana kwa `getent group render`. Kwa Nvidia huhitajika kifurushi cha kampuni cha kuunganisha kadi na kontena, kisha `--gpus all`. Ieleweke kwamba *kontena* hapa ni chumba cha programu, si *kasha* la video.

6. *Kuchagua njia.* Katika ukurasa wa msimamizi, sehemu ya uchezaji, huchaguliwa QSV kwa Intel, VAAPI kwa AMD katika Linux, au NVENC kwa Nvidia. Chini yake kuna orodha ya kodeki za kusimbuliwa kwa maunzi. Zitiwe alama zile tu zilizoonekana katika hatua ya tatu. Kutia alama zote kwa matumaini hakuipi kadi uwezo isiokuwa nao. Huifanya video isichezeke.

Kupima

Mpangilio uliohifadhiwa bado haujathibitisha kitu. Kipimo cha kweli ni kuichezesha video na kuchagua kwa makusudi ubora wa chini, ili seva ilazimike kusimba upya. Kisha amri `intel_gpu_top` huonyesha kama injini ya video ya kadi inafanya kazi. Kwa Nvidia, `nvidia-smi dmon` huwa na safu mbili, `enc` ya kusimba na `dec` ya kusimbua.

Ushahidi wa wazi zaidi umo katika kumbukumbu za FFmpeg. Jina la kisimbaji likiwa `h264_qsv`, `h264_vaapi` au `h264_nvenc`, kazi iko mikononi mwa kadi. Likiwa `libx264`, prosesa kuu ndiyo inayohangaika, na mara nyingi tatizo liko katika ruhusa au kiendeshi.

Mipaka yake

Kadi haimalizi kila kazi. Sauti husimbwa upya na prosesa kuu, ingawa mzigo wake ni mdogo. Manukuu ya picha, kama yale ya diski za Blu-ray, hayawezi kuonyeshwa na vifaa vingi pasipo kuchorwa juu ya kila fremu, na hilo huilazimisha video yote isimbwe upya hata kama kodeki yake inakubalika. Manukuu ya maandishi, kama faili la SRT, hayana gharama hiyo kwa kawaida. Mtu anayeona seva yake ikilemewa kila anapowasha manukuu atafute kwanza aina ya manukuu hayo.

Video za HDR nazo huonekana zimepauka katika skrini ya kawaida zisipogeuzwa rangi. Kazi hiyo ina mpangilio wake katika ukurasa ule ule. Nvidia, kwa upande wake, huwekea kadi zake nyingi za matumizi ya nyumbani kikomo cha idadi ya video zinazosimbwa kwa wakati mmoja, ingawa imekipandisha kikomo hicho mara kadhaa.

Nakala asilia

Kodeki zilizotajwa hapa, kama zinavyotumika kwa kawaida, hutupa sehemu ya picha, na kilichotupwa hakirudi. Kusimbua hurejesha picha inayoweza kutazamwa, si picha ile iliyoingia katika kamera. Kila kusimba upya huongeza hasara juu ya hasara iliyotangulia. Kumsimbia upya mtazamaji hakuna madhara kwa sababu seva huandika vipande vya muda tu na kuliacha faili la awali kama lilivyo. Madhara huja pale mtu anapoisimba upya maktaba nzima ili kuokoa nafasi ya diski, kisha akafuta asilia.

Hatari hiyo huongezeka kazi ikifanywa na kadi. Kwa kasi ile ile ya biti, kisimbaji cha maunzi kwa kawaida hutoa picha duni kuliko kisimbaji cha programu kilichopewa muda wa kutosha, kwa kuwa kimeundwa kwa ajili ya haraka. Kwa filamu inayotazamwa mara moja katika simu, tofauti haionekani. Kwa rekodi pekee ya arusi, ya hotuba ya babu au ya mtoto akijifunza kutembea, ni tofauti kati ya uso na kivuli cha uso. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari: kabla ya kufuta chochote, iandikwe ni faili lipi lililo asilia, liko wapi, na ni lipi lililosimbwa upya.

Muhtasari wa matumizi

- simba *kt* weka taarifa katika msimbo. Kinyume: simbua.
- kisimbaji/visimbaji [ki-/vi-]: *kisimbaji cha maunzi kina haraka.*
- kisimbuzi/visimbuzi [ki-/vi-]: *kisimbuzi cha HEVC kimo ndani ya runinga.*
- usimbaji upya [u-]: *usimbaji upya umehamia kwenye kadi.* Usichanganywe na usimbaji fiche.
- msimbo/misimbo [u-/i-]: *msimbo huu umeharibika.*
- kasha/makasha [li-/ya-]: *kasha la MKV limebadilishwa, kodeki haikuguswa.*
- kodeki [i-/zi-]: *kodeki hizi hazikubaliki katika simu yake.*
- kadi ya michoro [i-/zi-]: *kadi ya michoro imesimbua filamu tatu kwa wakati mmoja.*
- kubadilisha linafaa pale tu kinachobadilishwa kinapotajwa: *kubadilisha kasha*, *kubadilisha kodeki*, *kubadilisha ukubwa wa picha*.